Kuba Chini ya Ardhi: Stesheni ya Alisher Navoiy mjini Tashkent



Wasomaji wapenzi, safari yetu ilikuwa ya ziyara. Tulitoka Mombasa watu wanne: mimi, mume wangu, mama yangu mzazi, na binti yetu wa miaka kumi na miwili. Nia yetu ilikuwa kufika Samarkand, ambako nje kidogo ya mji amezikwa Imamu Bukhari, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye kitabu chake cha Hadithi husomwa misikitini mwetu. Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, ulikuwa mahali pa kupita tu; siku mbili za kupumzisha miguu ya mama kabla ya kuendelea na njia. Sikutarajia kuandika lolote juu ya mji huo, sembuse juu ya stesheni ya treni.

Lakini safari haina mwenyewe. Asubuhi ya siku ya pili, mwenye nyumba tuliyofikia alitushauri tusipande teksi kwenda sokoni Chorsu. "Shukeni chini," alisema, akionyesha ardhi kwa kidole. "Mji wetu mzuri uko huko." Tukadhani anatania.

Mji uliotikisika

Ili kuelewa kwa nini watu wa Tashkent wanajivunia kilicho chini ya miguu yao, yafaa kurudi alfajiri ya tarehe 26 Aprili 1966. Siku hiyo, saa kumi na moja na dakika chache, ardhi ilitikisika chini kabisa ya katikati ya mji. Tetemeko lenyewe halikuwa kubwa kwa kipimo cha matetemeko ya dunia. Lilikaribia 5 tu. Lakini chanzo chake kilikuwa karibu mno na uso wa ardhi, na nyumba za mji wa kale zilikuwa za matofali ya udongo. Waliokufa hawakuwa wengi, ila watu takriban 300,000 walibaki bila makazi. Mitaa ya vichochoro na nyua za ndani, ambayo mtu wa Lamu angeiona akahisi yuko kwao, ilibomoka au ikabomolewa baadaye. Wakati huo Uzbekistan ilikuwa sehemu ya Muungano wa Sovieti, na wajenzi waliletwa kutoka jamhuri zake zote. Badala ya vichochoro vikaja barabara pana na majengo marefu ya saruji.

Ni katika kuujenga mji huo upya ndipo uamuzi wa kuchimba metro ulipotimia. Mtu wa kawaida angejiuliza: ardhi imetikisika, nanyi mnakwenda kuishi ndani yake? Wahandisi walijibu kwa kuchimba mahandaki yasiyo ya kina kirefu kama ya Moscow, na kuimarisha kuta na nguzo ili zihimili tetemeko jingine. Sehemu ya kwanza ya njia ilifunguliwa mwezi wa Novemba 1977, na Tashkent ukawa mji wa kwanza wa Asia ya Kati kuwa na metro. Stesheni zilikusudiwa pia kuwa mahali pa kujificha ikiwa kungezuka vita vya nyuklia. Kwa sababu hiyo zilihesabiwa kama ngome, na kwa miaka mingi kupiga picha ndani yake kulikuwa kosa. Marufuku hayo yaliondolewa mwaka 2018 tu. Kwa hiyo uzuri nitakaousimulia ulijulikana kwa muda mrefu na wenyeji peke yao, kama pambo la mwanamke aliye ndani.

Ndani ya stesheni

Tulishuka ngazi. Mlangoni askari waliukagua mkoba wangu, nao walipomwona mama waliweka mkono kifuani wakamwamkia kwa salamu ya Kiislamu. Mama aliitika kwa furaha hata akasahau kuwa magoti yanamuuma.

Stesheni ya kwanza tuliyoshukia ilikuwa Paxtakor, maana yake mkulima wa pamba. Kuta zake zimepambwa kwa nakshi za vipande vidogo vidogo vinavyoonyesha vitumba vya pamba vilivyopasuka. Ni nzuri kutazama, ila inafaa kukumbuka kuwa pamba hiyo ina hesabu yake. Maji ya mito miwili mikubwa ya nchi hizo, Amu Darya na Syr Darya, yalielekezwa mashambani mwaka baada ya mwaka, hata Bahari ya Aral ikakauka sehemu kubwa, na vijiji vya wavuvi vikabaki na mashua zilizokaa juu ya mchanga. Sisi watu wa bahari tunajua uzito wa neno hilo.

Kutoka Paxtakor kuna njia ya kupita kwa miguu, chini kwa chini, hadi stesheni ya pili inayokutana nayo. Hiyo ndiyo Alisher Navoiy, iliyofunguliwa mwaka 1984.

Binti yangu alikuwa mbele. Alipofika ukumbini alisimama ghafla, akageuka, akaninong'oneza: "Mama, tuvue viatu?"

Sikumcheka, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimejishika shungi kuhakikisha limekaa sawa. Ukumbi umeinuka kwa nguzo mbili safu, na kila nguzo inapofika juu inatanuka na kuwa matao, na juu ya matao zimekaa kuba, moja baada ya nyingine, kutoka mwanzo wa ukumbi hadi mwisho. Ndani ya kila kuba kuna nakshi za maua na nyota zinazozunguka kiini kimoja, kama zile ambazo mafundi wa Bukhara na Samarkand wamezichora misikitini na madrasani kwa karne nyingi. Mwanga hautoki mahali pamoja. Unamwagika taratibu kutoka juu, ukafuata mzunguko wa kuba. Kutani zimewekwa kauri za rangi ya buluu iliyoingia kijani, zenye sura za watu zilizochomoza kidogo: mashujaa, wapenzi na wafalme wa masimulizi ya mshairi mwenye jina la stesheni.

Kwa mtu wa pwani yetu, mambo mawili yanashika jicho. La kwanza ni ile kazi ya kuchonga jasi. Wauzbeki wanaiita ganch, nayo ni fani ya kale kwao ya kupamba kuta na dari za nyumba kubwa. Aliyeingia nyumba ya mawe ya Lamu au Pate, akaona safu za zidaka zilizochongwa chokaa katika chumba cha ndani, atatambua undugu. Ni wazo lile lile: ukuta usiachwe mtupu, bali nakshi ijirudie hadi jicho litulie. La pili ni rangi ya kauri. Wazee wetu walipachika sahani na bakuli za kutoka Uajemi na Uchina katika makaburi na kuta zao, na buluu iliyoingia kijani ilikuwamo. Mama aliutazama ukuta kwa muda, kisha akasema neno moja tu: "Pate."

Treni ilipoingia, kijana aliyekuwa ameketi aliinuka kabla mama hajavuka mlango. Baadaye tuliona kuwa ndiyo ada ya mji mzima. Mzee akiingia, vijana wawili watatu husimama kwa pamoja, hata kiti kikabaki kitupu wakikaribishana.

Mwenye jina

Alisher Navoiy alizaliwa Herat, katika Afghanistan ya leo, mwaka 1441, akafariki huko huko mwaka 1501. Alikuwa waziri na rafiki wa tangu utotoni wa Sultani Husayn Bayqara, na mali yake aliitumia kujenga madrasa, misikiti, hospitali na nyumba za wasafiri. Lakini jina lake limebaki kwa sababu ya lugha. Enzi zake, aliyetaka kuhesabiwa kuwa mshairi aliandika Kiajemi. Lugha ya Kituruki waliyozungumza watu wake nyumbani ilionekana ya sokoni na ya jeshini. Navoiy alikijua Kiajemi na akakiandikia mashairi, lakini kazi yake kubwa aliifanya kwa lugha ya mama yake. Kati ya mwaka 1483 na 1485 alitunga tenzi tano ndefu ziitwazo kwa jumla Khamsa, na humo ndimo walimotoka Farhod na Shirin, Layli na Majnun, na Iskandar, ambao sura zao zimechongwa katika kauri za stesheni. Karibu na mwisho wa maisha yake, mwaka 1499, aliandika kitabu cha kulinganisha lugha hizo mbili, akionyesha kuwa Kituruki kina maneno ya mambo madogo madogo ya moyo ambayo Kiajemi hakina.

Utawala wa Kisovieti ulimpenda Navoiy kwa namna yake. Ulimhesabu kuwa mshairi wa taifa, ukampa sanamu na majumba. Baada ya uhuru wa mwaka 1991, stesheni kadhaa zilibadilishwa majina. Iliyoitwa kwa jina la Lenin ikawa Mustaqillik, yaani uhuru. Iliyoitwa kwa mapinduzi ya Oktoba ikapewa jina la Amir Temur. Jina la Navoiy halikuguswa. Wote wawili, watawala wa zamani na wa sasa, walimtaka.

Hapo ndipo penye fumbo la stesheni hii, nami sikulitambua mpaka binti yangu alipouliza swali lake.

Herufi

Tuliketi kwenye bao la jiwe kungoja treni ya kurudi. Binti yangu alikuwa akilisoma jina ukutani kwa sauti, herufi baada ya herufi: Alisher Navoiy. Akauliza, "Mbona limeandikwa kwa herufi zetu za shuleni? Si alikuwa akiandika kama Kiarabu?"

Mume wangu, ambaye ni mwalimu, alimweleza. Kiuzbeki kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na Navoiy aliandika kwazo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Wasovieti waliziondoa wakaleta herufi za Kilatini. Mwaka 1940 wakaziondoa hizo nazo, wakaleta za Kirusi. Mwaka 1993 Uzbekistan huru ikapitisha sheria ya kurudi kwenye Kilatini. Ndani ya maisha ya mtu mmoja, nyumba moja ingeweza kuwa na nyanya, mama na binti ambao kila mmoja alifundishwa herufi tofauti. Na hayo hayakuja peke yake. Katika miaka hiyo hiyo misikiti na madrasa nyingi zilifungwa. Mwaka 1927 serikali ilianzisha kampeni ya kuwavua wanawake paranji hadharani; na wanawake walisukumwa kutoka pande mbili, kwani wengi waliovua waliuawa, baadhi yao na jamaa zao wenyewe. Wanyonge ndio waliolipa.

Kisha, miaka kama hamsini na tano baada ya hapo, utawala ule ule uliofunga misikiti ukajenga chini ya ardhi ukumbi wenye kuba, matao na nakshi za msikiti, ukauita kwa jina la mshairi ambaye hati yake ilikuwa imeondolewa mashuleni. Kuba zikarudi, herufi hazikurudi. Nilijiambia kuwa mafundi waliozichonga nakshi zile walikuwa na mikono iliyokumbuka kilichokatazwa kusemwa, na jambo hilo lilinifariji.

Binti yangu hakufarijika. "Kwa hiyo," akasema, "wana mshairi wao, na hawawezi kumsoma alivyoandika kwa mkono wake?"

"Wachache waliosomea," akajibu baba yake. "Wengine humsoma kwa herufi mpya."

"Masikini," akasema mtoto.

Mama alikuwa kimya muda wote huo, tasbihi mkononi. Akamgeukia mjukuu wake, bila ukali, akamuuliza: "Na wewe, mjukuu wangu, daftari la nyanya yangu utalisoma?"

Daftari

Wasomaji wapenzi, wengi wenu mnalo daftari kama hilo, au mlikuwa nalo. Letu limo ndani ya kasha la mama, limefungwa kwa kitambaa cha kanga. Liliandikwa na nyanya yake, mwanamke wa Siyu, kwa wino uliogeuka rangi ya kahawa. Ni utenzi wa wasia kwa bibi harusi, wa namna ya ule mashuhuri aliomtungia binti yake Mwana Kupona binti Mshamu huko Pate mwaka 1858. Ni Kiswahili kitupu, kwa herufi za Kiarabu.

Mimi nimehitimu Qur'ani tangu nikiwa na miaka tisa, alhamdulillah, lakini daftari hilo sijui kulisoma. Anayejua atanielewa. Herufi za Kiarabu hazikuwa na p, wala ch, wala v, wala mb ya Kiswahili. Wazee walitumia herufi moja kwa sauti mbili tatu, na msomaji akajaza kwa kuijua lugha na kuujua utenzi wenyewe. Asiyeusikia ukiimbwa hutatizika katika kila mshororo. Mama aliusikia kwa mamake, ndiyo sababu anausoma. Baada yake hakuna mwingine nyumbani mwetu.

Hapo ndipo nilipoona haya kwa ile huruma yetu ya pale stesheni. Wauzbeki walinyang'anywa. Kwetu pia yalikuwapo maamuzi ya watawala. Mwaka 1930 kamati ya kusanifisha Kiswahili iliundwa, na vitabu vya shule vikachapwa kwa herufi za Kilatini. Lakini hakuna aliyekuja nyumbani kwetu kulichukua daftari la nyanya. Hakuna aliyetukataza kujifunza. Chuoni tulizisoma herufi zile zile kila asubuhi. Tuliliacha kasha limefungwa sisi wenyewe, kwa kusema tutalifungua kesho.

Kwenye treni ya kurudi, mama aliketi karibu na mwanamke wa rika lake. Hawakuwa na lugha moja. Mama, aliyekuwa na hamu ya kuzungumza, alinyoosha kidole kwenye kijitabu cha mtoto wa shule aliyesimama mbele yao, akasema, "Daftari." Yule mama akafumbua macho: "Daftar!" Mama akaonyesha kalamu. "Qalam!" Wakaendelea hivyo: kitabu na kitob, wakati na vaqt, dunia na dunyo, chai na choy. Mwisho yule mama akachora hewani kwa kidole kama anayeandika, akasema, "Xat." Kwa matamshi yao ni khat, nayo ni hati yetu sisi. Walishuka wameshikana mikono.

Tulifika Samarkand salama, tukazuru, tukaomba. Nitaandika habari za huko siku nyingine, in shaa Allah. Lakini nilipoulizwa na majirani ni nini kilichonigusa zaidi katika safari, niliona haya kusema ni stesheni ya treni; ndiyo maana nimekaa kuandika.

Tangu turudi, kila usiku wa Ijumaa baada ya sala ya Isha, kasha hufunguliwa. Mama husoma, huku akilileta daftari karibu na jicho la kushoto, kwa kuwa la kulia limeingia mtoto wa jicho na daktari amesema tusichelewe kulitibu. Binti yangu huandika mshororo kwa herufi za Kiarabu kama ulivyo, na chini yake kwa herufi za shuleni. Mimi nakaa ubavuni mwao nikijifunza na mwanangu, na mara nyingi yeye hunitangulia. Tumefika beti ya thelathini na nne. Katika beti ya kumi na tisa kuna neno ambalo mama analisoma vizuri, ila maana yake amesahau, na wazee wawili tuliowauliza hawalijui. Binti yangu ameliandika, akaacha nafasi tupu pembeni yake.

Nakuombeni, mama zangu na dada zangu: ikiwa nyumbani kwenu lipo kasha, na yupo bado mwenye kuyasoma yaliyomo, msingoje. Kuba za Tashkent zilijengwa upya na mafundi waliokuwa bado wanajua. Na kama kuna miongoni mwenu anayejua maneno ya kale ya Siyu, mlango wetu uko wazi kila usiku wa Ijumaa, na kahawa haikosekani.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atujaalie tuwe wenye kupokea na kupokeza. Amin.